Hedifoni Mbili Mezani



Juma hili ukurasa wetu unashughulika na kitu kidogo mno, kinachoingia katika kiganja cha mtoto na nafasi ikabaki. Katika miezi michache iliyopita tumeulizwa habari zake na wazazi watatu kwa nyakati mbalimbali, na kila mmoja tulimjibu kwa haraka, majibu ambayo leo tunayaona hayakutosha. Kitu chenyewe ni hedifoni za kuchomeka ndani ya sikio. Sasa tuna la kusema, kwa kuwa jambo hili limetufika nyumbani kwetu, likatugawa, na likatukumbusha mengi tuliyokuwa tumeyapuuza.

Tunapoandika "sisi", msomaji atuelewe kuwa ni baba na mama wa nyumba moja, tunaoshika kalamu moja ingawa, kama itakavyoonekana, hatukuwa na rai moja.

Binti yetu ana umri wa miaka 15. Anahifadhi Qur'ani, na kwa uwezo wa Allah amekwisha kuvuka juzuu ya 11. Shule yake iko mbali. Hupanda daladala la Mbagala kwenda Kariakoo alfajiri, na jioni hurudi kwa njia ile ile, hivi kwamba saa tatu za kila siku yake huzimaliza garini. Mwaka jana tulimnunulia kicheza sauti kidogo, vile ambavyo vijana huviita MP3, tukaijaza kadi yake kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule msomaji wa Misri aliyerekodi Qur'ani nzima kwa tartili mwaka 1961, pamoja na kaswida alizozichagua mwenyewe. Tulichagua kicheza sauti badala ya simu kwa sababu ambazo kila mzazi anazijua.

Tulichokisahau ni hedifoni. Kicheza sauti tulikitafuta kwa siku nne, tukiuliza duka hadi duka. Hedifoni tulizichukua kwa mmachinga wa kando ya barabara, gari likiwa linatungoja, kwa bei ya soda mbili, nazo zilikuwa na jina la kampuni kubwa lililokosewa herufi moja. Herufi ile tuliiona. Tulicheka, tukalipa.

Yaliyotokea baadaye ni mambo mawili. La kwanza binti alilificha kwa muda, kisha akamwambia mama yake usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani: kwamba akishuka garini jioni husikia mlio mwembamba sikioni, mithili ya nyenje, na kwamba mlio huo humwacha baada ya kulala. Tulimpeleka hospitali. Alipimwa katika chumba kisichopenya kelele, akibonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Tukaambiwa kwamba alhamdulillah masikio yake ni mazima, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo kwenye sauti nyembamba za juu lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia. Huenda ni uchovu wa muda, tuliambiwa. Apumzishwe na kelele, na arudi kupimwa baada ya miezi sita.

Kwa nyumba nyingine maneno hayo yangeonekana mepesi. Kwetu hayakuwa mepesi, kwa sababu ya ami yake. Ami huyu alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, kando ya mitambo ya kufuma, bila kitu chochote masikioni. Leo hii ukizungumza naye anajua kuwa unazungumza, ila hajui unasema nini. Watu humdhania kuwa mkaidi. Ukweli ni kwamba kelele za miaka mingi huanza kuua uwezo wa kusikia sauti nyembamba, zile zinazokaribia mitetemo 4000 kwa sekunde, na humo ndimo inamokaa mivumo ya herufi nyingi: siin, thaa, faa, shiin. Irabu hubaki, herufi hutoweka. Chembe ndogo zilizomo ndani ya sikio, ambazo hupokea sauti na kuzipeleka kwenye ubongo, zikishakufa hazioti tena. Ami husimama katika safu akiongozwa na macho, akitazama bega la aliye mbele yake ili ajue imamu amerukuu.

Jambo la pili lilimhusu bibi. Alikuwa akitoka msalani mchana, akateleza kwenye sakafu yenye maji, akaanguka ubavu. Aliita. Binti alikuwa chumbani, hatua kumi tu, hedifoni masikioni, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Bibi aliita mpaka jirani akasikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Hakuvunjika, bali alikaa chini kwa muda ambao kila mmoja wetu anaukadiria kwa namna yake, na bibi mwenyewe hadi leo hakubali kuutaja. Binti alilia siku mbili. Baba yake alikichukua kicheza sauti akakifungia kabatini.

Hapo ndipo tulipofika wakati mjomba wake alipokuja kutoka London, siku chache baada ya Idi ya Mfungo Mosi.

Mjomba ni mtu apendaye kusikiliza vizuri. Ndiyo anasa yake pekee. Aliposimuliwa habari, hakusema kitu. Alifungua begi, akaweka juu ya meza pea mbili za hedifoni, zote za waya, akasema kwamba moja ni yake na moja ni ya mwanawe, na kwamba moja kati ya hizo itabaki. "Shemeji," alimwambia baba, "nitakaa siku kumi. Nyinyi zijaribuni, kisha mniambie niondoke na ipi." Vimpira vya kuingia sikioni alivileta vipya, ndani ya pakiti, maana si adabu wala si afya kuvaa mpira uliotoka sikioni mwa mtu mwingine.

Baba yake alikuwa na pingamizi kabla hata ya kuzigusa. Alisema: tatizo la nyumba hii ni mtoto asiyemsikia bibi yake, nanyi mnaniletea vifaa vinavyoziba sikio zaidi? Hoja hiyo ilikuwa nzito, wala hatukuipatia jibu usiku ule. Tulipokuwa vijana kulikuwa na Walkman, kile kicheza kaseti kilichotolewa na Sony mwaka 1979, na hedifoni zake zilikuwa sponji mbili zilizolala juu ya masikio. Ukiitwa, unasikia. Aliyeketi karibu nawe naye alisikia kila ulichokuwa ukikisikiliza, na jambo hilo peke yake lilikuwa ulinzi wa malezi.

Lakini mama aliuliza swali jingine: kwa nini mtoto alifungua sauti hadi mwisho? Jibu lilikuwa garini. Hedifoni zile za barabarani hazikuziba kitu. Ngurumo ya injini, honi, kondakta anayegonga bati, na spika ya dereva vyote vilipenya, na binti akawa anaipandisha sauti ya kisomo ili ipite juu ya hayo yote. Siku zilivyosonga, sauti ile ikawa ndiyo kawaida yake hata nyumbani palipo kimya.

Hapa inatubidi tutaje hesabu kidogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitangaza kipimo cha vifaa vya kusikilizia: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 za juma, kwa watoto, desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Kila desibeli tatu zinazoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Basi kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20, na desibeli 81 ni saa 10 tu. Binti yetu akisikiliza saa tatu kwa siku sita za juma, zinatimia 18. Kikomo chake kwa hiyo ni kama desibeli 78, na kelele za ndani ya daladala lililojaa hupita hapo kwa urahisi kabla hata hujafungua kisomo. Ukitaka kusikia juu ya kelele hizo bila kuzizuia, umekwisha kuvuka mpaka. Njia zilizobaki ni mbili: kutosikiliza kabisa garini, au kuziba sikio vizuri na kusikiliza kwa sauti ya chini.

Baba alishikilia ile ya kwanza kwa siku mbili. Kisha binti alimwambia, kwa heshima, "Baba, nyumbani nina kazi za shule na maji ya kuchota. Nisiporudia garini, nitarudia saa ngapi?" Funguo za kabati zikatoka.

Sasa tuzieleze hedifoni zenyewe. Ya kwanza ni Shure SE215. Kampuni ya Shure ilianzishwa Chicago mwaka 1925, na msomaji ambaye hajawahi kulisikia jina lake bila shaka ameiona kazi yake, kwa kuwa maikrofoni yao ya SM58, yenye kichwa cha wavu mviringo, iliyotoka mwaka 1966, imeshikwa na wahadhiri wengi na kuigwa na watengenezaji wengi zaidi. SE215 ilitoka mwaka 2011. Ya pili ni Etymotic ER2SE, iliyotoka mwaka 2019. Etymotic nayo ni kampuni ya viunga vya Chicago, iliyoasisiwa mwaka 1983 na Mead Killion, mtaalamu aliyejulikana kwa vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Jina lake limeundwa kwa asili ya Kigiriki kwa maana ya kuwa mkweli kwa sikio. Mkumbuke msomaji kwamba bei ambazo mjomba alitutajia zilikaribiana, kwa hiyo pesa haikutuamulia.

Zote mbili zina spika moja ndogo ndani ya kila upande. Zote mbili zina waya unaochomoka, na hilo ni jambo kubwa, kwa maana hedifoni nyingi hufa kwenye waya, na hapa waya ukikatika unanunua waya tu. Zote mbili huziba sikio mithili ya kizibo: watengenezaji wa Shure wanataja hadi desibeli 37 za kelele zinazozuiwa, wa Etymotic wanataja 35, nazo ni namba zinazopatikana pale tu mpira unapokaa barabara. Za kisasa zisizo na waya hatukuzijadili sana. Huhitaji chaji, huanguka mtaroni, na kicheza sauti chetu kina tundu tu.

Tofauti zao zilianza pale tulipozivaa.

Kuvaa kwenyewe tulifundishwa na mjomba, na tunaomba kila mzazi alifanye zoezi hili kabla hajazilaumu hedifoni za mwanawe. Mkono wa upande wa pili unapitishwa juu ya kichwa, unalivuta sikio kwa juu na nyuma taratibu, na mfereji wake hunyooka. Hapo ndipo mpira unapoingizwa bila kusukumwa kwa nguvu. Kama ni mpira wa sponji, unaviringishwa kwanza kwa vidole vikavu hadi uwe mwembamba, unaingizwa, na unashikiliwa karibu nusu dakika hadi utune. Utajua umeziba ukitamka neno na sauti yako ikavuma kichwani mwako kama uliye ndani ya pipa. Usiposikia mvumo huo, besi itapotea, kelele zitaingia, nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu. Sisi wenyewe tulidhani hivyo kwa siku nzima juu ya ile Etymotic, kumbe baba alikuwa ameiweka mlangoni tu.

Etymotic huingia ndani sana. Mpira wake una tabaka tatu, kama miavuli mitatu iliyopangana, na ule mdogo wa mbele hufika mahali ambapo mtu hajazoea kuguswa. Ikishakaa, sauti yake ni ya ajabu kwa uwazi. Tulimpa mama aisikilize sura aijuayo vizuri, naye alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa amesikia pumzi ya Sheikh kati ya aya na aya, jambo ambalo kwa miaka yote hajawahi kulisikia. Thaa ilikuwa thaa na siin ilikuwa siin, kila moja na mvumo wake. Hakuna besi iliyoongezwa. Mtu aliyezoea spika za harusi ataiona kavu.

Shure husikika kwa namna nyingine. Imeongezewa besi, na sauti nyembamba za juu zimelainishwa. Kisomo kinakuwa na joto, kama kinachosomwa katika chumba chenye mazulia. Ni sauti ya kupendeza, na kaswida zenye dufu zilinoga humo kuliko kwenye Etymotic, tunakiri. Lakini mvumo wa siin ulikuwa umefifia kidogo. Tofauti ya siin na swaad ilibaki wazi, kwa kuwa hiyo hutambulikana zaidi kwa namna irabu inayofuata inavyonenepa, na unene huo haukai katika sauti za juu. Tofauti ya thaa na siin ndiyo iliyotutia wasiwasi, kwa kuwa inakaa huko huko juu.

Baba, ambaye juzi tu hakutaka hedifoni yoyote, sasa akawa wakili wa Etymotic. Mtoto wa hifdhi, alisema, asikie herufi. Na kampuni iliyotoka kwenye elimu ya masikio ndiyo ya kuaminiwa na sikio. Tungemaliza hapo usiku ule ule, lau binti hakuwa na masikio yake mwenyewe.

Alikwenda nayo shule siku tatu. Siku ya kwanza aliivua baada ya kama dakika ishirini, akisema inamuuma. Tukambadilishia vimpira vidogo zaidi, maumivu yakapungua yasiishe. Halafu kulikuwa na ushungi. Etymotic hutokeza nje ya sikio kama kijiti, na kitambaa kikibanwa huisukuma ndani. Waya wake huteremka moja kwa moja chini, ukisuguana na ushungi kwa kila mtikiso wa gari, na kila msuguano huo husikika sikioni kama mtu anayekuna mlango. Wakaguzi wa vifaa hivi, ambao tumepata kuwasoma, mara nyingi huvijaribu mezani, vichwa wazi. Hakuna anayevaa ushungi ndani ya daladala la saa kumi na mbili asubuhi.

Shure hulala ndani ya bakuli la sikio bila kutokeza, na waya wake hupanda juu ya sikio na kuzunguka nyuma, kisha hushuka mgongoni. Chini ya ushungi haionekani wala haisukumwi, na msuguano wa waya ni mdogo. Alikwenda nayo siku tatu na hakuivua njiani. Ila ina udhia wake: kuivaa ni lazima iwe kabla ya ushungi, nyumbani, na kondakta akidai nauli haivuliki haraka. Binti alijifunza kubonyeza kitufe cha kusimamisha kupitia mfukoni, na kuweka nauli mkononi mapema.

Tulikuwa na jaribio moja zaidi, nalo lilikuwa la mama. Kila siku, akiwa chumbani baada ya Isha, nyumba imetulia, binti aliweka kisomo kwa sauti ya chini kabisa aliyoweza kuifuata kwa raha, na namba iliyoonekana kwenye kioo tuliiandika. Kisha akaamrishwa asiipite namba ile garini. Kwa hedifoni zile za mmachinga sharti hili lisingewezekana. Kwa hizi mbili liliwezekana, ingawa kwa Etymotic siku mpira ulipolegea alikiri kuwa alipandisha. Na wazazi wazingatie hili: namba ya hedifoni moja si namba ya nyingine. Kwa kicheza sauti kile kile, Shure husikika kwa nguvu zaidi kuliko Etymotic katika namba ile ile. Mtoto akibadilisha hedifoni, kipimo kianze upya.

Siku ya nane bado tulikuwa tumegawanyika, baba kwa herufi, mama kwa ushungi. Tukampelekea swali ustadhati wake wa madrasa. Yeye alizivaa zote mbili, akasikiliza kidogo, akatuambia bila kusita kwamba binti hafundishwi thaa na hedifoni. Anafundishwa kwa kuutazama ulimi wa mwalimu ukigusa ncha za meno, na akikosea anarudishwa papo hapo. Kisomo cha kurekodiwa ni cha muraja'a, cha kukumbusha yaliyokwisha kusahihishwa. "Mpeni ile atakayoweza kuivaa kwa sauti ya chini mpaka afike," alisema. "Herufi niachieni mimi."

Baba aliridhika kwa kichwa; kwa moyo, sidhani, anaongeza mama hapa, na baba ameiacha sentensi hii ibaki. Maana hoja yake haikuwa ya upuuzi. Kama tungekuwa tunamchagulia kijana wa kiume avaaye kofia, mwenye mfereji mpana wa sikio, anayesikilizia maktabani, tungechukua Etymotic wala tusingejadiliana. Na ni wajibu kusema kuwa kwa upande wa ukweli wa sauti, Etymotic ilishinda kila siku ya siku kumi. Tulichagua Shure kwa sababu ndiyo iliyoziba sikio la mtoto huyu, katika gari hili, chini ya ushungi huu, bila kuvuliwa.

Lilibaki la bibi. Hoja ya baba ya usiku wa kwanza haikujibiwa na hedifoni yoyote, na hatukuona namna ya kuijibu kwa kununua. Tuliweka masharti. Nyumbani hedifoni hazivaliwi. Kisomo hupigwa kwa spika ndogo, wazi, kila mtu akisikia. Akitembea kwa miguu hazivaliwi, hata sikio moja, kwa ajili ya bodaboda. Tulifikiria kumruhusu sikio moja nyumbani, mjomba akatukataza: sikio moja likiwa wazi, mtu huipandisha ya pili ili kufidia. Hazivaliwi kitandani. Haziazimwi, si kwa shoga wala kwa mdogo wake. Na haziingizwi sikioni mara baada ya udhu: masikio yakiwa yamepanguswa kwa maji yaachwe yakauke kwanza, kwa kuwa unyevu uliozibiwa ndani hualika maradhi. Vimpira huchomolewa kila Ijumaa, huoshwa kwa sabuni laini na kuanikwa, na tundu la spika hupanguswa kwa kitambaa kikavu, lisichokonolewe kwa pini. Nta ya sikio ikionekana nyingi, ni hospitali, si njiti ya pamba, ambayo huisukuma nta ndani zaidi.

Sharti la spika lilileta jambo ambalo hatukulitarajia. Bibi sasa huweka kiti chake uani kabla ya Alasiri, akangoja. Binti akichelewa kuwasha, huitwa, naye husikia kwa mwito wa kwanza. Juzi alisoma pamoja na Sheikh akaruka aya, na bibi, ambaye hakupata kuingia darasa lolote zaidi ya chuo cha Qur'ani cha utotoni kwake, akagonga fimbo chini mara moja. Binti akarudi nyuma.

Mjomba aliondoka na Etymotic ya mwanawe. Mlio ule wa jioni, kwa maelezo ya binti, haujarudi tangu katikati ya Mfungo Mosi. Tunamuuliza kila Alhamisi, naye ameanza kuchoka kuulizwa. Karatasi ya hospitali iko ndani ya droo ya mama, na siku ya kipimo cha pili imeandikwa juu yake: Mfungo Tano, siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi. Ami amesema atamsindikiza.